Mhariri, kuskani tumeskani, sasa nani anasoma?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya vyuo kununua mashine za kuskani na kuweka makusanyo ya zamani mtandaoni, na ile picha ya wakubwa wamesimama pembeni ya mashine kama wanapokea trekta. Siipingi mashine, jamani, msinielewe vibaya. Ila naomba nafasi kidogo niwasimulie habari ya bata 40.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mfanyabiashara pale Pangani. Aliacha daftari moja la gamba jeusi, pembeni limeliwa na mchwa, humo ndani kaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wanaandika watu wengi wa pwani wa rika lake. Kuna madeni ya watu, kuna mizigo iliyoingia, halafu ghafla katikati ya hesabu kuna beti mbili za shairi, ukigeuza ukurasa unakuta dawa ya mchango wa mtoto. Miaka kadhaa iliyopita nikalipeleka maktaba ya chuo kimoja, jina naliacha, na wakaliskani vizuri kabisa, kwa glavu na kila kitu, wakanirudishia daftari langu na fleshi juu yake. Nikarudi Tanga nimefurahi.

Baada ya miezi nikaingia mtandaoni kulitafuta. Naandika Pangani, hakuna. Jina la babu, hakuna. Nazi, hakuna. Nikakaa usiku mzima napekua moja moja, bando linaisha naongeza, mpaka nikalikuta, na limeandikwa hivi: maandishi ya dini, lugha Kiarabu, mwandishi hajulikani. Hajulikani vipi wakati jina lake lipo ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu? Na dini iko wapi kwenye daftari la madeni, labda ile bismillahi ya mwanzo.

Nikalalamika, na kwa kweli walinisikiliza, wakampa binti mmoja wa mwaka wa tatu anayesoma Kiarabu alihamishe kwenye herufi zetu hizi. Binti kajituma. Akanitumia kwa wasapu: bata 40 zimefika kwa dau, bata 12 kwa fulani, bata 60 bado hazijalipwa. Mi nikasema kumbe babu alikuwa na mabanda! Nikaenda Pangani na simu yangu mpaka kwa shangazi, ambaye amefundisha chuoni, hiki chuo chetu cha Kurani namaanisha, maisha yake yote. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, halafu akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, baba alifuga bata lini? Hiyo mbata."

Mbata, Mhariri. Nazi kavu. Babu alikuwa anauza mbata na Pangani nzima inajua.

Binti hakukosea kusoma, na hapo ndo penyewe. Kwenye uandishi ule wa zamani herufi moja ya be inabeba mizigo minne, b na p na mb na mp, kwa hiyo bata, pata na mbata vyote ukiviandika vinafanana kama mapacha. Alama za irabu nazo ziko tatu tu, o na u wanatumia moja, e na i wanatumia moja, kuku na koko huwezi kuwatenganisha kwa macho. Wapo walioongeza nukta na herufi baadaye ili kupunguza huu utata lakini babu hakuwa nazo, yeye aliandika alivyofundishwa. Sasa kuisoma hiyo kitu Kiarabu peke yake hakitoshi, unatakiwa ukijue Kiswahili cha pale pale, ujue dau lilikuwa linabeba nini na msimu gani, ujue nani alikuwa anamdai nani. Mashine ya kuskani haijui hayo, na cha ajabu bajeti ya mradi nayo haijui, maana hela yote inaishia kwenye mashine, sava, warsha ya siku mbili hotelini na fulana.

Msidhani ni umasikini wetu. SOAS, kile chuo cha masomo ya Afrika na Asia kule London, wana hati nyingi sana za Kiswahili, za kina Taylor na Hichens na wengine waliozikusanya huku kwetu, na wameziweka mtandaoni bure, mtu yeyote anafungua. Lakini ili zieleweke alihitajika mtu kama marehemu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, akae nazo asome. Na hapa kwetu J.W.T. Allen alikusanya hati na kanda za sauti, zikaingia maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, katalogi yake ikachapwa Leiden mwaka 1970. Hiyo ni kabla ya kompyuta za mezani, na bado katalogi ile inakwambia hiki ni kitu gani kuliko vielelezo vingi ninavyovikuta kwenye mtandao leo, vile vya faili kuitwa IMG na namba.

Mtaniambia sasa hivi kuna programu zinasoma zenyewe. Zipo, nimezichezea kwa sababu mi ni mwalimu na nina mdomo wa kuuliza vijana. Kuna Transkribus, ilianzia chuo kikuu cha Innsbruck kule Austria, inasoma mwandiko wa mkono. Lakini ili iuzoee mwandiko wenu lazima kwanza muipe kurasa ambazo binadamu ameshazisoma na kuziandika sawasawa, wenyewe wanashauri kurasa kama 25 mpaka 75. Mkiipa bata itajifunza bata, na itawatolea bata kurasa elfu moja bila kuona haya. Kurasa 25 ni nini lakini? Mzee mmoja anayejua, kijana mmoja wa kuandika, chai, nauli, wiki mbili tatu. Hakuna mradi utakaofilisika kwa hilo.

Magazeti ya zamani ndo hata hayahitaji mzee. Kiongozi la Tanga, enzi za Mjerumani, au Mambo Leo lililoanza Dar 1923, yale yamepigwa chapa kwa herufi za kawaida. Nilishushiwa kurasa fulani za gazeti la zamani zilizoskaniwa, nikatafuta ng'ombe, hakuna ng'ombe, kwenye gazeti limejaa habari za mifugo! Kumbe programu ilisoma kila kitu kwa Kiingereza, ng'ombe akakatwa vipande. Wakati Tesseract, programu ya kugeuza picha ya chapa kuwa maandishi, ni ya bure na Kiswahili kimo ndani, ni kuchagua tu lugha kabla hujabonyeza. Mtu alisahau kubadilisha kitu kimoja, gazeti zima likawa bubu.

Halafu kuna Voyant, hii nawashauri hata walimu wenzangu, ya bure na haitaki usajili, unabandika maandishi inakuchorea wingu la maneno yaliyotumika sana. Nilibandika mashairi na wanafunzi wangu wa kidato cha tano wamenizunguka kwenye laptopu. Likaja wingu kubwa zuri: na, ya, wa, kwa, ni. Darasa zima kicheko. Sawa, hayo unaweza kuyaondoa kwa mkono, tukayaondoa, ndipo tukaona tatizo lenyewe, kwamba kwake alisoma, wanasoma, hajasoma na tukisoma ni maneno manne yasiyojuana. Kiswahili kinaweka mzigo mbele ya neno, programu nyingi hizi zilitengenezwa kwa lugha zinazoweka nyuma au zisizoweka kabisa. Na usiseme haiwezekani, maana profesa Arvi Hurskainen kule Helsinki alianza kuhangaika na hilo tangu miaka ya 1980, akatengeneza programu inayovua viambishi na kubaki na mzizi, na leo benki ya lugha ya Finland ina hazina ya Kiswahili ya maneno kama milioni 25 yaliyochambuliwa hivyo. Finland! Nchi ya theluji. Najiuliza maktaba zetu ngapi zimewahi hata kuwaandikia barua pepe.

La majina nalo linaniuma. Kile kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, sehemu kubwa aliandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kwenye jalada kuna jina la Carl Velten. Katalogi inafuata jalada, kwa hiyo siku mtu akitengeneza ramani yake ya kidijitali ya waandishi wa pwani, ile yenye vidoti vya rangi, Mtoro hana kidoti ila Mjerumani anacho. Hili linarekebishwa kwa kuandika mstari mmoja, katika kisanduku kilichopo tayari. Lakini anatakiwa mtu wa kuuandika.

Na tuwe na nakala zetu, jamani. Kitabu kingine cha Kiswahili cha enzi hizo nimekikuta kwenye maktaba moja kubwa ya mtandaoni ya Marekani, rafiki yangu aliyeko Ohio anafungua kurasa zote, mimi niliye Tanga naruhusiwa kutafuta neno tu, kusoma hapana, eti hakimiliki kwa walio nje zinapimwa kivingine. Na mnakumbuka Oktoba 2023 wadukuzi walivyoipiga Maktaba ya Uingereza? Humo ndimo zilimokuwa zinaonekana picha za hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, pamoja na za sehemu nyingine nyingi duniani, zikazimika kwa miezi. Bahati nzuri mradi wa maktaba hiyo uliozipiga picha, ule wa kuokoa hati zilizo hatarini, una sharti kwamba hati zenyewe haziondoki nchini na nakala inabaki huko huko zilikotoka. Sharti zuri sana. Ila nakala iliyofungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyehamishwa kituo, hiyo mi siihesabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni dogo: kwenye kila bajeti ya kuskani wekeni mstari wa wasomaji. Wazee na kina mama wa pwani wanaojua ule mwandiko bado wapo, Tanga, Unguja, Lamu, Mombasa, wapo majumbani wanasuka mikeka, na jina la kila atakayesoma liandikwe kwenye rekodi pamoja na la mwandishi. Wanafunzi wa Kiswahili nao wakae pembeni wajifunze, wapewe maksi.

Nilimuuliza shangazi kama atakubali kuwasomea. Hakuuliza habari ya posho. Aliuliza hiyo maktaba ina ngazi ngapi, maana magoti yake hayapandi tena.

Msomaji wenu,
Tanga