Barua kwa Mama: ule ubeti wa dau

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Huku Chicago sote wazima, ila baridi imeanza kuuma.

Ama baada ya salamu, nimesikitika sana kusikia shangazi hakanyagi tena nyumbani kwa ajili ya ubeti ulioimbwa harusini kule Langoni. Nimeirudiarudia rekodi uliyonitumia mpaka nimeuhifadhi:

Dau langu la zamani, tanga lililochakaa,
Leo lingali majini, mapya mwambani yakaa.

Shangazi amelishika hilo tanga lililochakaa akaondoka nalo. Namwelewa. Mwanamke aliyeolewa tena utu uzimani, ukumbi umejaa, mwimbaji anamwelekea yeye. Nani asingejihisi anasemwa? Lakini kuna mstari wa pili, Mama. Dau hilo bado laelea, na mapya ndiyo yaliyopanda mwamba. Ikiwa ndiye aliyekusudiwa, basi amesifiwa mbele ya wasichana wote waliokuwapo. Na sikilizeni vigelegele vinapopigwa: mstari wa kwanza kimya, wa pili ukumbi mzima unalipuka, na yule bibi mwenye sauti nzito anaitisha pesa akamtuze mwimbaji. Mtu hainuki kutuza tusi. Wale kinamama walikuwa wanajitwalia dau hilo, kila mmoja lake.

Hata huku watu husikia nusu. Kuna wimbo wa Bruce Springsteen wa mwaka 1984, "Born in the U.S.A.". Kiitikio chake kina kishindo, na wengi wameupokea kama wimbo wa kuitukuza nchi. Fuata beti zake: ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, kazi hapati, nduguye amebaki hukohuko vitani. Majonzi yote yamo ndani ya wimbo, wazi kabisa, lakini kiitikio ndicho kinachobebwa na watu.

Na kwetu nani asiyejua kisa cha Fumo Liyongo? Alipofungwa Pate, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na shairi, aokewe mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, utiwe tupa ya kukatia chuma katikati. Walinzi walikuwa wakila kila chakula kizuri alicholetewa. Ule wa wishwa waliudharau, wakamwachia. Kisha akawafundisha watu nyimbo za ngoma ya gungu, na vishindo vya ngoma hiyo vikaifunika sauti ya tupa ikikata pingu. Mji mzima ulikuwa ukiimba na haukujua unamsaidia mfungwa kutoroka. Mimi napenda fumbo kwa sababu hiyo: aliyekusudiwa hupata lake, na wengine hawapungukiwi na ngoma yao.

Tafadhali usimwendee mwimbaji kumuuliza alimlenga nani. Akisema si shangazi, hataaminika. Akisema ndiye, tumezua jingine. Mwendee shangazi mwenyewe, umchukulie na halua, msikilize rekodi yote pamoja, vigelegele na vyote. Akiona bado inamchoma, basi na ajibu kwa ubeti katika harusi ya mwezi ujao. Sauti anayo, na kwa kutunga hakuna anayemshinda mtaani kwetu. Akijibu, Mama, nirekodie tangu mwanzo hadi mwisho, usinikatie hata mstari.

Wasalimie wote, watoto na majirani.

Wasalaam,
Mwanao