Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: Mgeni ashuke mjini, asipite tu

Mheshimiwa Gavana,

Tunakusalimu kwa heshima, na kwa kuwa kazi zako ni nyingi tunaingia moja kwa moja kwenye neno letu.

Mombasa haijanyimwa miradi ya usafiri. Treni ya SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Daraja la Makupa lilichukua nafasi ya lile tuta la zamani mwaka 2022. Barabara ya Dongo Kundu imevuka maji kwa daraja la Mwache lenye mita 660 na la Mteza lenye mita 1,440, ikatokea Kibundani upande wa Kwale. Qatar Airways ilianza kutua hapa Desemba 2018 na flydubai Januari 2024, mgeni akifika bila kupitia Nairobi. Bandarini kuna jengo la kupokelea abiria wa meli za kitalii. Hata hivyo, hakuna mradi hata mmoja kati ya hiyo unaomfanya mgeni alale Mombasa, na mingine, kusema kweli, inamrahisishia kutupita.

Somo hili tulishalilipia ada. Mwaka 2019 makontena ya bara yalipolazimishwa kupanda treni hadi Embakasi, na baadaye Naivasha, bandari iliendelea kupakua kama kawaida. Waliokauka ni makarani wa kutoa mizigo, yadi za makontena, gereji za Changamwe na Jomvu, na vibanda vya chakula vilivyowategemea madereva wa malori. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022. Reli yenyewe haikuwa na kosa. Pesa hubaki pale safari inapokatika: kontena linapofunguliwa, dereva anapolala, familia inapotafuta chakula cha mchana. Njia mpya huharakisha mwendo. Safari ikatike wapi ni jambo la kupangwa.

Sasa abiria nao wamefikia hapo hapo. Mgeni wa Diani, ufuo wa Kwale, akishuka stesheni ya SGR ya Miritini au uwanja wa ndege anashika Dongo Kundu na kufika Kwale bila kuiona Likoni. Hatulalamiki, maana wengi waliteseka kwenye foleni ya feri na mabegi yao juani. Lakini ile feri ilimlazimisha kupita kisiwani, akaona zile pembe kubwa za Mapembeni, akasimama kununua maji au kikoi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hivi leo mwenyeji anayepona zaidi yuko ng'ambo. Kwale ni ndugu zetu na riziki yao ni halali yao. Ila kaunti uliyokabidhiwa ni Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Hatukuombi reli wala uwanja wa ndege, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeviweka mikononi mwa serikali ya taifa. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani na utalii wa ndani. Yote tunayoyaomba humu yamo katika orodha hiyo, au ni ya kukubaliana na jirani.

Tuanze na Miritini, maana hapo ndipo tunapopoteza wengi. Treni ya mchana inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi hufika mwendo wa saa nane. Ikijaa, hushusha zaidi ya watu elfu moja kwa mpigo. Kwa matatu za abiria 14, hao wanataka gari 72. Kwa tuktuk za watu watatu, zaidi ya 330. Hakuna steji inayoweza kutoa idadi hiyo kwa nusu saa, kwa hiyo kinachofuata ni kelele za wapiga debe, bei inayopanda kadiri begi linavyokuwa kubwa, na familia iliyochoka ikikubali gari lolote. Matatu ya viti 14 haina hata pa kuweka mizigo; begi la pili hukaa kwenye kiti na kulipiwa kama mtu. Mgeni akija kutoka kwenye msongamano wa Changamwe na kufika hotelini Nyali, saa kumi imeshapita. Fort Jesus hufungwa saa kumi na mbili jioni. Siku yake ya kwanza imekwisha bila shilingi moja kuingia mjini zaidi ya nauli.

Tiba yake haihitaji mkopo kutoka nje. Mabasi 15 ya viti 33 yanaondoa karibu watu 500 kwa mkupuo, yaani takriban nusu ya treni; waliobaki wana magari ya jamaa, ya hoteli au teksi za simu. Yagawanywe njia tatu: kisiwani hadi Mji wa Kale, Nyali hadi Shanzu, na Likoni. Sharti muhimu ni saa ya kuondoka. Basi likingoja lijae, abiria wa mwisho ndiye anayeamua wa kwanza aondoke lini, na wa kwanza hatangoja tena safari nyingine. La kwanza litoke dakika kumi baada ya treni kusimama, la mwisho dakika arubaini, lijae lisijae. Mwenye gari ataogopa hasara, na ana haki. Basi kaunti imwondolee ada ya steji kwa gari linaloshika ratiba hiyo, na imnyang'anye nafuu hiyo siku anapoivunja. Nauli iandikwe kwenye bango kubwa penye mlango wa kutokea, ilipwe kwa simu, na itangazwe mapema ili mtu anayekata tiketi ya treni kwa *639# awe ameshajua atalipa ngapi kufika Nyali.

Reli ya geji ya mita ya kwenda stesheni ya zamani ya mjini tunaiunga mkono kwa sharti moja: ratiba yake iungane na ya SGR. Abiria mwenye watoto hangoji zaidi ya dakika ishirini. Ikizidi hapo, tuktuk imeshamchukua.

Treni ya usiku hutoka Nairobi saa nne na kufika kabla ya alfajiri, wakati vyumba vya hoteli hufunguliwa mchana. Hawa ni wateja walio macho, wenye njaa, wasio na pa kwenda. Wakipata basi lenye taa na mji wenye taa, mahamri na mbaazi vitauzwa kabla jua halijachomoza. Kurudi ndiko kuna pesa zaidi. Hoteli humtoa mgeni chumbani saa nne asubuhi, na treni zinazobaki kuondoka Mombasa siku hiyo ni za saa tisa alasiri na saa nne usiku. Aliyekata ya usiku ana saa kumi na mbili za kuzurura, naye hazururi kwa sababu anakokota mabegi mawili. Chumba cha kuhifadhia mizigo karibu na Fort Jesus, chenye rafu zenye namba, kamera, stakabadhi ya nakala mbili na mlinzi wa zamu hadi saa mbili usiku, kitauletea Mji wa Kale mauzo zaidi kuliko bango lolote la barabarani. Basi la Miritini lianzie hapo hapo mlangoni.

Mgeni akishafika, atembee wapi? Kabro, yaani tofali za zege za kutandika njia, za katikati ya mji zimezama sehemu nyingi, na sababu inajulikana na kila fundi. Bomba la chini linavuja, maji yanabeba mchanga, tofali linashuka, dimbwi linatokea. Kisha anakuja mtu wa maji au wa nyaya, anachimba, anarudisha kabro juu ya udongo usioshindiliwa, na masika ya kwanza yanaonyesha kazi yake. Utaratibu ni mabomba na mitaro kwanza, kujaribiwa kwa maji, kokoto kushindiliwa tabaka kwa tabaka, ukingo wa zege kuwekwa kabla ya kabro ili zisitawanyike, mchanga wa sentimita tatu hadi tano, ndipo kabro. Njia ya waenda kwa miguu hutosheka na kabro za milimita 60. Panapopita tuktuk, mkokoteni wa maji na lori la soda panataka milimita 80. Tofauti hiyo ya milimita 20 ndiyo wakandarasi wengi huila. Na yeyote anayeomba kibali cha kuchimba aweke amana, arudishiwe baada ya masika kupita na pale pake kubaki sawa.

Meli za kitalii tutazitaja kwa ufupi. Abiria wengi huwa wameshanunua safari za Tsavo Mashariki au Shimba Hills ndani ya meli, na magari huwachukua asubuhi na mapema. Wanaobaki, pamoja na mabaharia wenye ruhusa ya saa chache, ndio wa mji. Kutoka lango la bandari hadi Fort Jesus ni kama kilomita tatu, safari ya tuktuk tu, lakini inataka bei iliyoandikwa. Mabaharia hudharauliwa, ilhali wao hurudi kila meli inaporudi, na wanajua wanachotaka: intaneti, dawa, sabuni, matunda, mahali pa kukaa penye kivuli.

Kuhusu matangazo, kosa kubwa ni la kalenda. Mashirika ya ndege huanza ratiba ya majira ya baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ya kiangazi Jumapili ya mwisho ya Machi, na idadi ya safari huamuliwa miezi mingi kabla. Kampeni ya Ulaya inayozinduliwa Novemba inauza viti ambavyo havipo. Ya kutafuta wageni wa Desemba iwe mezani kwa mashirika hayo kabla ya katikati ya mwaka. Kwa wageni wa Nairobi hali ni kinyume: Agosti na Desemba treni hujaa bila kutangazwa, kwa hiyo pesa za kampeni za miezi hiyo ni za kutupwa baharini. Pengo letu ni kati ya Pasaka na Juni, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa zaidi. Tusimuuzie mtu ufuo mwezi Mei; akinyeshewa siku nne atawasimulia wenzake kwa miaka minne. Tuuze mikutano, mashindano ya ndani, harusi, mapishi. Ramadhani nayo husogea siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana hainakiliki. Mwezi huo Mji wa Kale hulala mchana na kuamka usiku, na mgeni akiambiwa hivyo mapema huufurahia.

Tena tuache kumwona mgeni wa ndani kama wa daraja la pili. Kifurushi cha kila kitu ndani kilicholipiwa Ulaya huacha pesa nyingi huko huko. Familia ya Nairobi hununua viazi karai, samaki wa kupaka, tuktuk na mabuyu kwa pesa taslimu, na mapapai yanayoliwa yametoka soko la Kongowea.

Wafanyakazi wa hoteli nao ni sehemu ya hesabu hii. Kivuko cha Likoni huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na wapishi na wahudumu wamo humo. Feri moja ikiharibika saa kumi na moja alfajiri, kiamsha kinywa cha Nyali huchelewa. Kivuko si cha kaunti, lakini steji za pande zote mbili, taa na kivuli cha njia ya kushukia vinaweza kukubaliwa na wasimamizi.

Mwisho ni kupima. Waliotua uwanja wa ndege wa Moi si wageni wa Mombasa wote. Wengi huenda Diani, Watamu na Malindi. Tunahitaji hesabu ya usiku waliolala, kila mwezi, kila kaunti ndogo, zikiwemo nyumba za kukodi za Nyali na Bamburi ambazo leo hazihesabiwi ipasavyo. Maswali manne yanatosha: ametoka wapi, amekuja kwa usafiri gani kati ya treni, ndege, basi na gari lake, amelala siku ngapi, ameondokaje.

Tunaomba jaribio la miezi mitatu kwa treni ya mchana pekee, lianze kabla ya likizo ya Agosti, pamoja na chumba kimoja cha mizigo. Takwimu za kila basi zibandikwe steji kila Jumatatu. Basi la Likoni likitoka tupu wiki tatu mfululizo, lihamishiwe Nyali, na mwenye gari aelezwe kwa maandishi kabla ya kuhamishwa.

Wako katika kazi,
Baadhi ya wahudumu wa usafiri na utalii, Mombasa