Repota wa mbio za farasi ajilipie lunchi yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua. Najua nafasi ni ndogo na mpira wa Uingereza unakula karatasi yote, lakini hii maneno imenikaa kwa roho miaka mingi na juzi nikisoma ripoti ya mbio za farasi za Ngong nikasema leo lazima niandike. Ripoti ilikua na picha nne. Tatu ni akina mama wamevaa kofia kubwa kubwa, ya nne ni mwenye farasi ameinua kikombe. Farasi mwenyewe alionekana sikio moja tu kwa kona ya picha. Jina la joki, yule anayempanda farasi kwa mbio, halikuandikwa.

Mimi nilikua saisi. Kama hujawahi kusikia hilo neno, saisi ni yule mtu anaamka saa kumi alfajiri kutoa mavi kwa zizi, kulisha farasi, kumpiga brashi, kuinua kila kwato moja moja kuangalia kama kuna jiwe, halafu akitoka mazoezi unamtembeza polepole mpaka jasho likauke ndio usimuue na baridi. Nimefanya hio kazi miaka kumi na moja kwa stebo moja, yaani mahali pa kufugia farasi wa mbio, huku Njoro, na Njoro si mahali padogo kwa hii mambo. Beryl Markham alilelewa hapa hapa kwa shamba la babake, akapata laisensi ya utrena, yaani kufundisha farasi wa mbio, akiwa msichana wa karibu miaka 18, na farasi aliofundisha walichukua Kenya Derby, mbio kubwa ya farasi hapa kwetu, mara sita. Watu wanamjua kwa sababu ya ndege aliyovusha bahari ya Atlantiki 1936, lakini wazee wa huku wakimtaja wanamtaja na farasi.

Sasa nieleze venye niliona wenye farasi na waandishi wa michezo wanavyoishi. Repota akija stebo alikua hapiti kwetu. Gari linaenda moja kwa moja nyumba kubwa, anapewa chai, akikaa sana anapewa lunchi, bosi anamwambia huyu farasi yuko fiti na tunaomba Mungu, anaandika hivyo hivyo, anarudi Nairobi. Jumapili huko Ngong ni kitu hio hio, anapewa kadi ya kuingia kwa hema ya wenye farasi, anakula na wao, anakunywa na wao. Sisemi ati wanahongwa, hapana, sijaona mtu akipewa bahasha na siwezi kusema kitu sijaona. Lakini mtu ukikula meza yake mchana, jioni utamuuliza swali gani gumu? Hata mimi singeweza.

Kuna farasi jike tulikua naye, kwa vitabu alikua na jina refu la Kizungu lakini sisi tulimuita Mrembo. Nilimshika siku alizaliwa, nikamfundisha kufuata kamba, mpaka akakubali tandiko. Usiku wa kuamkia mbio tulipanda lori na yeye, Gilgil, Naivasha, tukapanda ile milima mpaka Nairobi, mimi nimesimama pembeni yake njia yote juu alikua anaogopa breki za lori. Kwa mbio ya pili, kona ya mwisho, akavunjika mguu wa mbele. Wale wanajua farasi wanajua hio ni nini, mguu wa farasi ukivunjika vile hakuna plasta, uzito wote wa zaidi ya kilo mia nne hauwezi kukaa kwa miguu mitatu. Walileta pazia wakamzungushia, daktari wa mifugo akaingia na sindano. Mimi nilikua ndani ya pazia nimeshika kichwa chake. Repota wa gazeti alikua nje hapo, hatua kama ishirini, nilimuona na yeye aliniona.

Jumatatu nilinunua gazeti. Kulikua na mshindi, kulikua na kofia, kulikua na mwenye mshindi anashukuru familia yake. Mrembo hakuwa hata kwa orodha ya waliokimbia.

Na bosi wetu usiku ule ule alituita akasema mtu yeyote akiuliza mseme hamjui kitu. Nataka nieleweke, huyo mzee hakua mtu mbaya. Alilia, nilimuona akilia kwa lori, na watoto wangu wawili alisaidia kuwalipia shule. Aliogopa tu. Aliogopa ikiandikwa watu watasema alikimbiza farasi mgonjwa. Lakini angalia kilichotokea baada ya kunyamaza: ndani ya wiki moja hapa senta kila mtu alikua na stori yake, mara farasi alidungwa dawa, mara joki alikua amekula pesa ya mtu wa beti, mara sisi masaisi tulimnyima chakula tukauza. Mimi niliulizwa hilo swali na mke wangu mwenyewe. Kama yule repota angeuliza, na mzee angejibu, kwamba farasi alipimwa asubuhi akawa sawa na uwanja ulikua mgumu kwa sababu ya kiangazi, hayo yote yangekwisha Jumatatu asubuhi.

Hapo stebo kulikua na marundo ya majarida ya zamani ya farasi kutoka Uingereza, tulikua tunapewa tuwashie moto, mimi nikaanza kuyasoma badala ya kuyachoma na Kiingereza changu kidogo, baadaye nikaendelea kusoma kwa simu. Ndio nikajua ya farasi mmoja aliyeibwa, anaitwa Shergar. Mhariri, pengine wewe unajua kwamba marehemu Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, yule aliyefariki Februari 2025, ndiye alianzisha kampuni ya Nation hapa kwetu, akanunua gazeti la Taifa 1959 na Daily Nation ikafuata 1960. Mtu huyo huyo alikua mmoja wa wenye farasi wakubwa duniani, shati za majoki wake ni kijani na nyekundu kwa mabega. Yaani mtu aliyeanzisha gazeti kubwa hapa Kenya alikua mtu wa farasi, na bado hatujui kuandika farasi!

Shergar alikua wake. 1981 alishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa ya Uingereza, kwa urefu wa farasi kumi, hakuna mwingine amewahi kushinda hio mbio kwa pengo kama hilo. Akagawanywa hisa 40, kila moja pauni 250,000, Aga Khan akabaki na sita. Halafu usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye bunduki na barakoa wakaingia shamba la Ballymany huko Ireland, na unajua walienda kwa nani kwanza? Kwa saisi mkuu, Jim Fitzgerald. Walimtoa nyumbani kwake familia ikiangalia, akalazimishwa kuwaonyesha farasi na kumpakia, wakamzungusha na gari masaa mengi ndio wakamwacha barabarani. Halafu hao wezi wakaitisha waandishi watatu wa mbio za farasi kutoka Uingereza waende hoteli moja Belfast ndio mazungumzo yafanyike kupitia wao. Mimi hapo nilisoma mara mbili. Wezi hawakuita waziri, hawakuita wakili, waliita maripota wa farasi, juu waliamini hao ndio wanajulikana na pande zote. Farasi hakupatikana mpaka leo, lakini huo uaminifu ndio mimi nauliza, hapa kwetu ni repota gani wa michezo mwenye farasi angempigia simu siku ya shida? Siku ya kikombe atampigia, ndio.

Na huyo Aga Khan hakua mtu wa kujificha. 1989 farasi wake Aliysa alishinda Oaks, mbio kubwa ya farasi jike huko Uingereza, mkojo ukapimwa wakasema una kemikali ya kafuri, kitu kimekatazwa, akanyang'anywa ushindi. Alikataa hayo majibu waziwazi, akaleta wanasayansi wake, akatoa farasi wake wote kwa matrena wa Uingereza na akasema kwa nini, miaka kadhaa baadaye ndio akarudi. Pengine alikua na haki pengine hakua, mimi si daktari, lakini msomaji wa kawaida alipata pande zote mbili akajiamulia.

Ndio, kuna wenye farasi wakiongea wanaharibu. 2014 huko Marekani yule Steve Coburn, mmoja wa wenye California Chrome, farasi wake aliposhindwa mbio kubwa ya Belmont alisimama mbele ya kamera akawaita wenzake waoga, hasira yote nje, halafu siku chache akaomba msamaha kwa tivii. Kwangu hio bado ni afadhali kuliko kunyamaza. Watu waliona binadamu anayependa farasi wake.

Lakini ile naipenda zaidi ni ya Secretariat, farasi wa Marekani, 1973. Mwenye farasi alikua mama, Penny Chenery, na aliongea na kila mtu, akawa anakaribisha kamera stebo, wiki moja farasi akawa kwa kava la Time, Newsweek na Sports Illustrated pamoja. Na kwa sababu mlango ulikua wazi, waandishi walifika mpaka kwa saisi, Eddie Sweat, mtu mweusi mtoto wa wakulima maskini, na leo ukienda Kentucky kuna sanamu ya shaba ya Secretariat na pembeni yake Eddie Sweat ameshika kamba. Saisi kwa sanamu! Nilipoona hio picha nilimuonyesha kila mtu nilifanya kazi na yeye.

Hapa kwetu tumebaki na uwanja mmoja tu wa mbio, Ngong, ulifunguliwa 1954. Zamani hata Nakuru tulikua tunakimbiza. Kila mwenye farasi akiacha, na wanaacha kwa sababu kulisha farasi ni ghali na hakuna sponsa anaweka pesa kwa kitu hakisomwi popote, kuna masaisi wanarudi nyumbani. Sisi tulirudi sita siku moja. Na vijana wa hapa Nakuru wakipita kwa duka la beti wanaweka pesa kwa farasi wa kompyuta, farasi hana mama, hana saisi, hajawahi kukanyaga nyasi, wanamshangilia kwa majina. Waulize wataje farasi mmoja wa kweli wa Kenya. Si makosa yao, nani aliwahi kuwaambia?

Kwa hivyo ombi langu kwa dawati lako la michezo ni hili, na nimelifikiria. Repota akitumwa Ngong mpeni pesa ya chakula atoke nayo ofisini. Akiandika mshindi aandike na joki na trena na saisi, ni mstari mmoja tu. Na aulize habari ya yule aliyekua wa mwisho, na yule aliondolewa asubuhi, na yule alianguka yuko wapi. Na nyinyi wenye farasi, najua mnasoma hata kama hamtaandika, chukueni simu hata siku mbaya, na muache masaisi waongee, sisi si watu wa kuwaaibisha, hao farasi ni kama watoto wetu.

Hatamu ya Mrembo bado niko nayo, imetundikwa jikoni. Kama kuna repota kijana hapo Nakuru mjini anataka kuanza, matatu ya Njoro ni kama nusu saa tu, mimi niko. Nitampeleka kwa farasi wachache waliobaki huku. Afike kabla jua halijatoka na avae gambuti juu kuna umande mwingi.

Aliyekuwa saisi,
Njoro, Nakuru