Kabla ya kununua gari la rota, pimeni nyuso zote sita

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa vijana wa hapa Tanga wanaoitamani Mazda RX-8. Wanaambiwa injini ya rota haisumbui kwa sababu haina pistoni, valvu wala cheni ya taimingi. Ni kweli hivyo vyote haina. Kazi kubwa ndani yake inafanywa na rota mbili, yaani vipande vya pembetatu vinavyozunguka, na shafti moja. Ila mazoea ya kupima injini ya pistoni hayafai hapa, na ndiyo yanayowaponza wengi.

Tuanze na cc. Kadi inasomeka 1308, mtu anapiga hesabu ya mafuta ya kagari kadogo. Silinda ya pistoni hulipua mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Rota hulipua kila shafti inapozunguka mara moja. Kwa hiyo rota mbili za cc 654 zinafanya kazi ya injini ya silinda nne yenye cc 2616, na petroli ihesabiwe hivyo. Tena chumba chake cha mlipuko ni kirefu na chembamba: joto jingi linapotelea ukutani, na petroli nyingine inatokea ekzosi haijaungua.

Kwenye pistoni, injini inayokula oili mara nyingi ringi zake zimechoka. Rota imeundwa iwe inakula oili. Kila ncha ya rota ina sili inayosukumwa na springi na kusugua ukuta muda wote, na pampu ndogo huidondoshea oili ili isikauke. Chungulia stiki ya oili kila unapojaza mafuta. Anayengoja sevisi ya km 5,000 anaweza kukuta oili imeshashuka chini ya alama, na ukuta ukishachubuka haurudi. Oili isipopungua hata kidogo, usifurahi. Kagua pampu hiyo.

Kuna tatizo linalouhusu sana mji wetu, kwa kuwa safari zake ni fupi. Ukiwasha rota ya baridi ukalisogeza gari mita chache na kuzima, petroli inaosha oili kwenye sili, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) inashuka, na injini inakataa kuwaka. Kwanza kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata kwa sekunde zisizozidi 10. Kompyuta itakata petroli. Ikigoma, zuia petroli kwa kuchomoa fyuzi, toa plagi zote nne, piga stata petroli itoke, kausha plagi, tia oili kidogo, kama ml 10 kwa kila rota, kupitia tundu la plagi ya chini, kisha funga na uwashe. Itatoa moshi mzito dakika chache, usishtuke. Plagi za juu na za chini si za aina moja, msizichanganye.

Joto nalo ni adui mkubwa kuliko kwenye pistoni. Mwili wa injini hii ni sahani za chuma na nyumba za alumini zilizopangwa kwa zamu na kubanwa na boli ndefu, katikati kuna mipira ya kuzuia maji. Ukipanda Lushoto kutoka Mombo feni ikiwa mbovu na injini ikachemsha, mipira hiyo inaungua na maji yanaingia chumbani. Pistoni ikichemsha mara nyingi utapona kwa gasketi ya silinda hedi. Rota inabidi ifumuliwe yote.

Sasa kipimo. Geji ya kawaida ya kompresheni inashika namba ya juu tu, na rota moja ina nyuso tatu. Uso mmoja mzima unaweza kuficha miwili iliyokufa. Pasha injini moto, tafuta kipimo cha rota kinachosoma kila uso peke yake, na betri iwe imejaa. Kwa RX-8, kiwango cha chini ni kPa 680 stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150. Kama kipimo hicho hakuna, toa valvu ndogo ya geji, piga stata, utazame mshale: urukaruke sawasawa mara tatu, tena na tena. Ukiruka mara mbili na kulegea wa tatu, kuna uso unaovuja. Dalili nyingine ni gari linalowaka asubuhi lakini linagoma likiwa la moto. Zima baada ya safari, ngoja dakika 10, uwashe tena mbele ya muuzaji.

Sisi hatuichukii rota. Mwaka 1991 Mazda ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa injini ya rota nne, na mwaka 2023 iliirudisha kwenye gari lake la MX-30 kama jenereta ya kuchaji betri, kazi inayoifaa. Kwa teksi au gari la kupeleka watoto shule, tunashauri pistoni. Na wanaoleta RX-8 kuziuza hapa, tunawaomba waambatanishe karatasi ya kompresheni ya nyuso zote sita, yenye tarehe na kasi ya stata iliyotumika.

Mafundi wa injini,
Ngamiani, Tanga