Wanawake wa kikoba chetu, kataeni kukalishwa

Mbukwenyi wadogo zangu, mbukwenyi wanangu.

Nimeamua kuyaandika haya mbele ya watu wote kwa sababu kikaoni mkishaanza kuhesabu hisa hamnisikii. Kilichoniudhi ni tulichokwenda kukifanya Nkuhungu kwa mwenzetu aliyevunjika kifundo cha mkono. Tumeingia na kreti la soda, tumemkuta kafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, na mmoja baada ya mwingine mkamwambia: "Pumzika mama, umri umekwenda, sasa tulia ulelewe." Mama ana miaka 53!

Mlipotoka nje mimi nilibaki naye. Akataka kwenda chooni. Akainama mbele, akajisukuma kwa mkono mzima, akarudi chini puu, akamwita mkwewe aje amnyanyue. Jamani, kilichovunjika ni mkono. Miguu ile haina ugonjwa, imelegea kwa kukaa. Tangu hedhi yake ikome, watoto walimletea dada wa kazi, wakamkataza kushika ndoo, wakamkataza hata kufagia uwanja, naye akaona ndiyo heshima. Mwanamke aliyekuwa akitwanga uwele na kupalilia karanga kule Bahi! Siku alipojikwaa kwenye kizingiti miguu haikuweza kumzuia, akatanguliza kiganja.

Sasa nisikilizeni, maana kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa ukunga. Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuziona siku zako, umeshavuka. Homoni ya estrojeni iliyokuwa inalinda mifupa imeshuka, na miaka michache ya mwanzo ndiyo mifupa hupungua uimara kwa kasi. Misuli nayo inanywea. Ndiyo maana kifundo cha mkono, uti wa mgongo na nyonga huvunjika kirahisi. Na miaka hiyohiyo ndiyo mnayoichagua kumweka mtu kwenye kiti cha plastiki! Mfupa unataka kubebeshwa mzigo, unataka mguu ukanyage ardhi. Usipopewa kazi unazidi kudhoofu.

Juzi harusini Chamwino mama mmoja alichukua ngoma ya muheme, akaibana katikati ya mapaja apige na wenzake, binti yake akamvuta gauni: "Mama kaa, unatuaibisha." Aibu ya nini? Ngoma hiyo wanawake wa Kigogo wameipiga kizazi hadi kizazi, nayo inataka paja, mgongo na pumzi. Binti yangu, mwache mama apige. Ukimzoesha kiti leo, kesho ni wewe utakayemnyanyua.

Na ninyi wa maofisini kule Mtumba msijione mmepona. Daladala asubuhi, kiti mpaka jioni, bodaboda mpaka mlangoni, kisha kochi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamsha mwili, yaani nusu saa kwa siku 5, na juu yake siku 2 au zaidi za kuipa misuli kazi ya nguvu. Kutembea peke yake hakutoshi.

Anzeni nyumbani. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, keti polepole, rudia mpaka mapaja yaanze kuwaka. Ukishindwa, shika meza kwanza. Baada ya wiki kadhaa utaiachia. Shika ukuta, nyanyua visigino, shusha. Jaza maji madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, zunguka uwanja. Ndoo ya lita 20 kichwani msijilazimishe, mtaumia shingo na mgongo. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyotulia na aliyekwisha kuvunjika aonane na daktari kabla ya kuanza.

Mengine nayataja tu. Kuleni dagaa na mifupa yake, maziwa mgando, maharage, mayai; ugali wa mtama na mlenda msiuonee haya mbele ya wageni. Soda zile ziacheni dukani. Pimeni presha na sukari, kwa sababu hatari ya moyo nayo inapanda. Joto la usiku likikunyima usingizi, sema hospitali, tiba ipo. Mkojo ukiponyoka unapokohoa, bana misuli ile inayozuia mkojo, achia, bana tena, kila siku. Tendo la ndoa likiuma kwa ukavu, mwambie mumeo na umwambie nesi, vilainishi vipo. Wanaopita na chupa za kusafisha kizazi msiwape hata mia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mjamzito tunampa kadi na tarehe ya kurudi kliniki, lakini akishamaliza kuzaa hakuna anayemwuliza analalaje wala anatembeaje. Mumewe anasema amekwisha, mawifi wanacheka, yeye ananyamaza. Mwanamke wa miaka 50 anaweza kuwa na miaka 30 mbele yake. Ataiishi kwenye mkeka?

Na hili msilicheleweshe hata siku moja. Ukishapita ile miezi 12 kisha damu ikatoka, hata tone, nenda hospitali. Wapo wanaofurahi wakidhani ujana umerudi. Haujarudi. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na ikiwahiwa inatibika. Ukikosa nauli njoo kwangu, usisubiri siku ya kikao.

Dada yenu mkubwa,
Mkunga mstaafu, Chang'ombe, Dodoma