Kwa nini mbizi ya Palancar haiuzwi kwa bei ya Paraíso

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Dallas alinipigia simu akiwa na hasira. Anasema safari ya kuzamia niliyomuuzia, ya Cozumel, kisiwa cha Meksiko katika bahari ya Karibi, ilikuwa ya kwenye picha tu. Alizamia Paraíso, mwamba wa kina kifupi karibu na gati za meli za kitalii, akakuta vipande vya matumbawe vilivyokufa na mchanga mtupu. "Dada, si uliniambia kimbunga kilipita zamani na pamepona?" Hili ni lalamiko la tatu la namna hii mwaka huu, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote.

Nilisema kilipita, na ni kweli. Mwaka 2005 kisiwa kilipigwa na vimbunga viwili: Emily mwezi Julai, kisha Wilma tarehe 21 Oktoba. Kanieneo la hewa katika kitovu cha Wilma lilikuwa limeshuka hadi hektopaskali 882 (kadiri lishukavyo ndivyo kimbunga kilivyo na nguvu), rekodi ya Atlantiki ambayo haijavunjwa, na kibaya zaidi kimbunga hicho hakikuwa na haraka. Kilijikokota juu ya Cozumel na Cancún, mji wa kitalii wa bara ng'ambo ya kisiwa, hadi tarehe 23. Mawimbi yakipiga muda wote huo, tumbawe lililovunjika halitulii chini. Linabingirika na kugonga lililo jirani yake kama nyundo, na linalosalia hufunikwa na mchanga.

Nguvu ya wimbi hupungua kadiri unavyoshuka. Ndiyo maana kuta za miamba za kusini mwa kisiwa, yaani Palancar, Columbia na Santa Rosa, zilistahimili vizuri kwenye kina kirefu huku miamba ya juujuu ikisagwa. Mteja akiniuliza "pamepona?" namuuliza kwanza, wapi, na mita ngapi? Tumbawe lenye umbo la ubongo hukua milimita chache tu kwa mwaka. Lile lenye umbo la pembe hukimbia zaidi, hata sentimita 10 kwa mwaka, lakini ugonjwa ulilipunguza sana Karibi nzima tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo miaka ishirini ni mingi kwa hoteli na ni michache kwa mwamba.

Ufuo ndio unaodanganya watu. Cancún ilipoteza mchanga wake kwa Wilma, ukapampiwa mwingine kutoka baharini mwaka 2006, ukaondoka tena, ikabidi kazi irudiwe kufikia 2010. Mtalii anaona mchanga mweupe anadhani kila kitu kimerudi. Mimi nimekulia Mombasa, pono nimemla tangu utotoni, lakini ni kazi hii iliyonifundisha kwamba sehemu kubwa ya mchanga ule mweupe hutoka mwambani: pono anakwangua tumbawe kwa meno, anatoa mchanga. Pampu huleta mchanga kwa miezi. Mwamba unaoutengeneza, na unaovunja mawimbi yasiuchukue, hauna pampu.

Sasa turudi kwa kaka wa Dallas. Katika bei niliyompa kulikuwa na siku mbili za kusini, kwa boti ndogo ya watu wanane. Alipofika aliziacha, akanunua nafasi ufuoni kwenye boti kubwa kwa karibu nusu ya bei. Boti ile haiendi Palancar. Kutoka mjini ni mwendo mrefu, mafuta ni ghali, basi wanawashusha watu mahali pa karibu, yaani Paraíso. Hapo nilishamwambia sisi huenda mara moja tu, siku ya kwanza, kupima mkanda wa vizito unaomsaidia mzamiaji kushuka, na kuona mtu anaelea vipi.

Na mbizi hiyo ya kwanza ndiyo kila mtu anataka niifute bei ishuke. Siifuti. Cozumel hatutii nanga. Mkondo unakubeba kuelekea kaskazini na boti inafuata mapovu yako. Asiyejua kujisawazisha katika mkondo ule atapiga mwamba mateke au ataushika. Hifadhi ya miamba ya Cozumel, iliyotangazwa mwaka 1996, imekataza glovu kwa sababu hiyohiyo. Mzee mmoja alizificha mfukoni, akazivaa tukiwa chini, akang'ang'ania tumbawe lililonusurika vimbunga vyote hivyo. Kiongozi wetu alimpandisha juu na siku ikaishia hapo. Alinidai fedha zake, sikumrudishia, na leo nisingemrudishia.

Fedha ninazorudisha zipo. Mwaka 2018 ugonjwa mpya wa matumbawe magumu uliingia Karibi ya Meksiko, na Oktoba 2019 serikali ikafunga Palancar, Columbia na El Cielo ili zipumzike. Nilikuwa na kundi la watu wanane waliokwishalipa. Niliwahamishia Santa Rosa na Yucab, tofauti ya gharama nikaibeba mwenyewe. Iliniuma mfukoni, lakini ile amri ilikuwa sahihi.

Kuna njia nyingine ya mkato inayogharimu zaidi: kuja Oktoba, wakati bei ziko chini, bila bima. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Bima ya safari hununuliwa kabla dhoruba haijapewa jina. Ukinunua ikishapata jina, kampuni haikulipi kwa dhoruba hiyo. Mwaka 2020 mume na mke kutoka Columbus, Ohio, walinipigia jioni ya tarehe 5 Oktoba wakitaka bima niliyowasihi tangu Agosti. Dhoruba ya Delta ilikuwa imepewa jina asubuhi ile. Tarehe 7 ilitua karibu na Puerto Morelos, mji wa pwani kusini mwa Cancún. Walipoteza tiketi na hoteli, kwa sababu ya bima ambayo ingewagharimu chini ya dola mia.

Mwamba wa Puerto Morelos, kwa upande wake, ulikuwa na bima. Jimbo la Quintana Roo, lenye pwani hii yote, lilikuwa limeikata, na baada ya Delta ikalipa takriban peso milioni 17. Wavuvi na wazamiaji waliokuwa wamefunzwa mapema waliingia majini kuinua matumbawe yaliyopinduka na kuvibandika vipande kwa saruji kabla havijafia mchangani. Ni kazi ya mikono, kipande kwa kipande.

Kaka wa Dallas, siku zako mbili za kusini hazijapotea. Nahodha amekubali kukuwekea nafasi mwezi Aprili kwa bei ileile uliyolipa. Mbizi ya kwanza itakuwa Paraíso, asubuhi, na mkanda wako nitaupima mwenyewe.