Bujumbura tumeiacha bila meli

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la likizo mliorodhesha miji ya kwenda kupumzika: Zanzibar, Mombasa, Dubai, Cape Town. Sina ugomvi na hata mmoja. Ila niliisoma orodha ile mara mbili nikiutafuta mji ulio karibu nami kuliko hata Tabora, sikuuona. Nazungumzia Bujumbura. Kwenye magazeti yetu jina hilo hujitokeza kukiwa na risasi au wakimbizi, yakipita hayo linapotea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ujiji. Sisi wa rika langu Warundi tumewajulia kambini, Nyarugusu na Nduta. Nilikua nikiamini Mrundi ni mtu anayefika kwetu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mama yangu hakuwahi kuamini hivyo. Miaka ya themanini alikuwa akipanda meli ya Liemba, mara nyingine Mwongozo, kuvuka Ziwa Tanganyika, mtaji kaufunga kiunoni, anarudi na vitenge vya kuuza. Kwake Bujumbura ni mji wa watu waliovaa vizuri na barabara zenye miti. Alipotimiza miaka 70 alisema hataki kufanyiwa sherehe, anataka akauone tena. Tukaenda shule zilipofunga.

Tulipita barabarani, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na meli ya abiria ya kutupeleka. Kigoma hadi Manyovu ni lami. Mpakani, Mugina, pasi zinagongwa mihuri ya nchi zote mbili sehemu moja. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo viza hatukuulizwa. Ukivuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara na saa inarudi nyuma saa moja. Mama alinitaka nimsomee simu mara tatu, asije akakosea adhuhuri.

Kisha Mabanda, ukiteremka mpaka Nyanza-Lac, na kuanzia hapo ziwa liko mkono wa kushoto njia nzima. Rumonge ni michikichi na madumu ya mawese kandokando ya barabara; ungenifumba macho ukaniambia niko kwetu, ningekubali kwa harufu tu. Mahali pengine maji yalipopanda yameacha kuta za nyumba zikiwa zimesimama bila mapaa. Maji hayo hayo yalitutesa na sisi Kigoma. Ziwa ni moja.

Tulifikia Buyenzi. Nawaomba wasomaji wa Kiswahili walishike jina hilo. Ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura: misikiti, mafundi magari barabara nzima, wanawake wenye buibui wakichoma maandazi alfajiri. Kirundi cha mama ni cha salamu tu, amahoro na murakoze, na hakukihitaji. Siku ya pili alikuwa amekaa kibarazani kwa bibi mmoja asiyemfahamu kabisa, wanatajiana koo za Ujiji, nani kamwoa nani, nani kafa. Bibi yule ana shangazi kazikwa Ujiji. Nimefundisha historia miaka 14 na sikuwahi kuwaambia watoto kwamba Uswahili wetu una tawi huko. Wala sikuwaambia kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore, mpigania uhuru wa Burundi aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla nchi yake haijapata uhuru Julai 1962, alikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili wa mji huu. Kaburi lake liko mlimani juu ya mji. Tulipanda kwa taksi, mama akasoma dua, tukakaa kimya tukiutazama mji wote ukiteremka mpaka majini.

Jioni tulikwenda ufukweni kula samaki. Msichana alituletea samaki mzima wa kuchoma, ngozi imebabuka, pembeni ndizi za kukaanga na pilipili ya kusaga. Akasema, "Mama, karibu mukeke." Mama akamgeuza samaki kwa kidole, akamtazama kichwa. "Mwanangu, huyu ni mgebuka. Nimewaparua tangu sijaolewa." Msichana akacheka mpaka akaketi, akaenda kumwita mpishi aje asikie. Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Kongo. Kwetu Kigoma milima hiyo ni mstari wa bluu mbali. Kule ziwa limekuwa jembamba, milima imesimama kama ukuta, na giza likiingia unaziona taa za Uvira. Baadaye zikawaka na taa za wavuvi wa ndagala, yaani dagaa wetu, moja moja, mpaka ziwa likawa kama mtaa mwingine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jiwe. Kusini mwa mji, Mugere, kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Kijana mmoja aliyekuwapo alituambia hapo ndipo wawili hao walipokutana. Mama akamjibu kwa upole kwamba walikutana kwetu, Ujiji, na hapo Mugere walipita tu. Ndivyo ilivyokuwa. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa, kutazama kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Mama akalishika lile jiwe akaniuliza: "Hawa walifika kwa makasia. Sisi leo tumeshindwa nini?" Sikuwa na jibu.

Sitaki kumdanganya mtu. Vituo vya mafuta tuliona foleni za magari ambayo wenyewe wamelala ndani, na safari ya hifadhi ya Rusizi kuangalia viboko tuliahirisha siku nzima kwa kukosa usafiri. Soko kuu lililoungua Januari 2013 mama alilitafuta kwa kumbukumbu zake za vitenge, na alipooneshwa mahali lilipokuwa alinyamaza mpaka tukarudi. Ng'ambo, upande wa Kongo, vita vimewatesa watu miaka mingi, na anayepanga safari aulize kwanza hali ya mipaka. Lakini katika siku sita hatukukutana na mtu aliyetufanya tujute kufika.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni lenu: mtumeni mwandishi Bujumbura siku ambayo hakuna aliyekufa. Akae Buyenzi, ale mukeke, aandike.

La pili nawaomba mlifikishe kwa wanaosimamia usafiri wa Ziwa Tanganyika. Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa, ikaibuliwa, ikafanya kazi vizazi kadhaa. Serikali imeamua kuikarabati, na tumeshukuru. Nimesikia watu wakizungumza habari za Kalema, Kasanga na Mpulungu, njia yote ya kusini. Kaskazini je? Bujumbura iwekwe kwenye ratiba, hata kama ni mara mbili kwa mwezi, kwa nauli ambayo muuza vitenge anaimudu. Wapo wafanyabiashara, wapo wagonjwa, wapo wenye ndugu pande zote mbili, na wapo watu kama sisi tuliotaka kutembea tu.

Mama alibaki na noti ya faranga 2,000 za Burundi. Nilimwambia tuibadilishe Mugina kabla hatujavuka, akakataa. Ameikunja kwenye pochi yake, anasema ni ya nauli ya kutoka bandarini hadi Buyenzi.

Mwalimu,
Ujiji, Kigoma